Roli Mbili za Filamu Zilizopauka: Kisa cha Kusafisha Slaidi Wakati wa Kaskazi

"Weusi umekwenda wapi?"

Mzee aliuliza hivyo kabla hata fremu ya tatu haijatulia ukutani. Tulikuwa sebuleni kwake Upanga, Dar es Salaam, Jumapili jioni ya Februari, mapazia yamefungwa, feni inazunguka, projekta yake ya Kodak Carousel inanguruma juu ya stuli. Nusu ya trei ilikuwa slaidi zake za zamani, yaani vipande vya filamu vyenye picha yenyewe ya kumulikwa ukutani, nusu zangu. Zake alizipiga miaka ya 1970 kwa filamu ya Kodachrome, ziko kwenye fremu za kadibodi, na vivuli vyake ni vizito utadhani unaweza kuvishika. Zilipoanza zangu, ukuta ukawa kama umemwagiwa maziwa. Sanamu ya Askari ilikuwepo, barabara ilikuwepo, bodaboda zilikuwepo, lakini shaba ile iliyoiva imekuwa kijivu, na anga lililokuwa bluu siku ile limekuwa jeupe pee.

Sikuwa na jibu. Kwa kweli nilikuwa na majibu manne, na mtu mwenye majibu manne hana jibu.

Naandika kisa hiki kirefu kidogo kwa sababu kosa lenyewe halikuwa moja, na kwa sababu lilikuwa limejificha ndani ya kazi iliyowahi kunitoka vizuri. Anayesafisha filamu nyumbani hapa pwani anaweza kuwa analo tayari na hajui.

Kazi ilivyokuwa

Mzee ni mpima ardhi mstaafu. Ana slaidi za mji alizopiga enzi za kazi yake: Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu 1927, mnara wa kanisa la Azania Front, mashua na ngalawa za Feri. Alinitaka nisimame palepale aliposimama yeye, nipige tena, kwa filamu ya slaidi na si kwa simu, kisha tuziweke kwenye trei moja, ya zamani ikifuatiwa na ya sasa. Kodachrome haiwezekani tena. Maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, huko Parsons, Kansas, ilifunga kazi hiyo mwisho wa 2010. Nikaagiza Ektachrome E100; filamu za slaidi za jina la Ektachrome Kodak waliacha kuzitengeneza 2012, wakazirudisha sokoni 2018. Rafiki aliyekuwa anarudi nyumbani akaniletea pakiti ya roli tano kwenye begi lake la mkononi.

Roli mbili nilizipiga na kuzisafisha Julai, kama mazoezi. Mbili nilizipiga mwanzoni mwa Februari kwa ajili ya mzee. Moja ilibaki kwenye friji, na bila hiyo moja kisa hiki kingeishia kwenye kubahatisha.

Kusafisha nafanyia bafuni, Magomeni. Slaidi za siku hizi zinasafishwa kwa mpango uitwao E-6, uliotoka Kodak katikati ya miaka ya 1970. Kiwandani una mabeseni mengi. Kiti cha nyumbani, yaani kifurushi cha dawa zilizoandaliwa, huyapunguza kuwa matatu: dawa ya kwanza, dawa ya rangi, na bliksi, ile inayoondoa madini yote ya fedha yaliyomo kwenye filamu na kuacha rangi tupu. Tangi langu halipitishi mwanga. Giza linahitajika wakati wa kuvisha filamu kwenye rili tu, lile gurudumu la plastiki linaloshika filamu ndani ya tangi, na hapo natumia begi la giza lenye mikono miwili. Februari, kazi hiyo peke yake ni adhabu: mikono inatoa jasho ndani ya begi, unyevu unapanda, filamu inanata kwenye plastiki ya rili nusu njia na haisogei mbele wala nyuma. Roli ya pili ilinichukua dakika 20. Nikitoka humo viganja vimekunjamana kama vya dobi.

Mengine yote nilifanya kama Julai. Dawa ya kwanza niliipasha moto kwenye sufuria ya maji hadi themomita ikasoma 39, kwa sababu karatasi ya kiti inashauri uanze juu kidogo ya 38, ikishaingia kwenye tangi itashuka. Nikamimina, nikatikisa, nikasubiri dakika 6 na sekunde 45. Nilipochungulia mwisho wa muda, themomita ilisoma 38.1. Nilijipongeza. Kodak wenyewe wanataka dawa ya kwanza iwe nyuzi 38, isizidi wala kupungua zaidi ya 0.3, na mimi niko bafuni, na sufuria, nimetua palepale.

Huo ndio ulikuwa ushahidi wangu mkubwa kwamba sikukosea. Ndio uliokuja kunifunga.

Ukingo wa filamu

Usiku ule nilirudi na slaidi zangu kwenye bahasha. Asubuhi nilichukua mkanda wa roli ya Februari ambao sikuwa nimeukata, na mkanda wa Julai, nikasimama navyo dirishani jua likiwa limeshapanda.

Anayezoea negativu, yaani filamu za picha za kuchapisha, huangalia picha kwanza. Kwenye slaidi anza na ukingo, ule mstari wenye matundu ya meno ya kamera, pembeni mwa picha. Pale mwanga wa lenzi haufiki. Kwa hiyo kwenye slaidi iliyosafishwa sawasawa ukingo ni mweusi tii, weusi wa mwisho ambao filamu ile inaweza kuutoa. Kamera ikipitisha mwanga mwingi, picha zitapauka lakini ukingo utabaki mweusi, maana ukingo haujui kamera iliwekwa namba ngapi.

Mkanda wa Julai: nilipouweka mbele ya dirisha, sikuona kitu kupitia ukingo. Mkanda wa Februari: niliona nondo za dirisha. Kwa mbali, hafifu, lakini nilizihesabu, nondo tatu. Weusi umekuwa kijivu kizito chenye wekundu kidogo.

Hapo mtuhumiwa wa kwanza, yaani mimi na mita yangu ya mwanga, akaachiwa huru. Nilifurahi, halafu nikakumbuka kwamba msafishaji naye ni mimi.

Ili kinachofuata kieleweke, lazima niseme jinsi slaidi inavyopata picha yake, maana inapata kinyume na watu wengi wanavyofikiri. Chukua watu wawili waliowekewa sinia moja la pilau. Wa kwanza ni dawa ya kwanza, ambayo ni dawa ya kawaida ya picha nyeusi na nyeupe. Yeye anakula chembe zote zilizoguswa na mwanga, anazigeuza fedha nyeusi. Wa pili ni dawa ya rangi. Anakula kilichobaki, na rangi unayoiona mwishoni inatengenezwa hapo, kwenye mabaki. Penye mwanga mwingi wa kwanza amemaliza, wa pili hakupata kitu, mahali panabaki peupe. Penye kivuli wa kwanza hakugusa, wa pili amepata sinia zima, mahali pamejaa rangi hadi weusi. Sasa wa kwanza akiwa mlafi, akapewa muda mrefu au joto kali, atavuka mpaka wake. Atakula na ambacho si chake, hadi kwenye ukingo ambako mwanga haukufika kabisa. Wa pili atabakiwa na makombo. Slaidi nzima inapauka, ukingo pamoja nayo.

Kwa hiyo kilichotokea nilishakijua asubuhi ile. Ambacho sikukijua ni nani aliyemfanya mla wa kwanza awe mlafi, au kama kuna mwingine aliyekuwa ameonja sinia kabla yake.

Watuhumiwa

Wa kupendeza kuliko wote alikuwa mashine ya uwanja wa ndege. Skana mpya za mizigo ya mkononi, zile zinazopiga picha ya begi kutoka pande zote, zinaharibu filamu. Kodak wametoa tahadhari juu yake. Mionzi inazigusa chembe za filamu kama mwanga ungefanya, mla wa kwanza anakuta sehemu ya sinia imeshawekewa alama kuwa yake, na ukingo unapungua weusi. Dalili ni ileile. Kwa wiki nzima nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba ni uwanja wa ndege. Kosa la mbali linapendeza kwa kuwa halikutaki ufanye lolote.

Lakini roli za Julai zilikuja kwenye pakiti ileile, begi lilelile, ndege ileile, na kingo zake ni nyeusi. Hilo lilinisumbua. Nikajitetea: basi ni joto la kuhifadhia, maana hizi zilikaa miezi saba zaidi. Kukaa zilikaa, lakini kwenye friji, na umeme ukikatika mtaani kwetu haukatiki siku tatu.

Begi la giza kuvuja mwanga? Mwanga unaovuja haupaki rangi kama fundi. Unaacha ndimi, mabaka, upande mmoja zaidi ya mwingine, na sehemu ya filamu iliyo katikati kabisa ya rili hupona. Kwangu weupe ulikuwa sawa toka fremu ya kwanza hadi ya 36.

Dawa ya rangi kuharibika? Ningetegemea rangi zielemee upande, slaidi zote ziwe za kijani au za zambarau. Rangi zangu zilikuwa za kweli, ila nyembamba. Kanga ya mama muuza samaki pale Feri ilikuwa nyekundu ileile, kama imefuliwa mara mia.

Kilichobaki ni dawa ya kwanza: nguvu yake, muda wake, joto lake. Nguvu niliipima kwa sirinji, sikuwa na shaka nayo. Muda ni ule wa Julai. Joto ni lile la Julai, tena lilitua 38.1. Nikawa nimewaachia watuhumiwa wote, na mali imeibwa.

Swali la mpima ardhi

Nilirudi Upanga katikati ya wiki. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi, kisha nikamweleza mzee yote, kwa majivuno kidogo, nikimwonyesha daftari langu. Alisoma taratibu. Halafu akaweka kidole juu ya ile 38.1.

"Hii umeipima kwa nini?"

"Kwa themomita, mzee. Ya digitali. Inatoa hadi desimali."

"Na themomita yenyewe umeipima kwa nini?"

Nikanyamaza.

"Mwanangu, sisi porini, kabla ya kupima shamba la mtu tunaipima levo yenyewe, chombo chetu cha kupimia usawa. Unasoma mbele, unageuka unasoma nyuma, unaona inakudanganya kiasi gani. Levo zote zinadanganya. Mbaya ni ile usiyojua uongo wake ni wa kiasi gani."

Themomita yangu ni ya jikoni, ya sindano, niliinunua Kariakoo pamoja na majagi. Ilikuwa inaniandikia desimali, nikaichukulia kama mtu anayeongea kwa kujiamini: lazima anajua.

Sasa utapata wapi kipimo cha kweli cha nyuzi 38 Dar es Salaam bila kwenda maabara? Kipo karibu kila nyumba yenye mtoto. Themomita ya homa imetengenezwa kwa ajili ya joto hilohilo. Kati ya 35 na 42 haikosei zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za nyuzi. Nilikwenda kwa kaka yangu Sinza kumwomba shemeji.

"Usinitie dawa zako za picha kwenye kitu kinachoingia kwapani mwa mwanangu," shemeji alisema akiwa bado ameishikilia.

Ana haki. Dawa ya rangi inawasha ngozi, na kuna wanaozoea kuishika mikono mitupu hadi siku mwili unapoikataa kabisa. Nilimwapia: maji matupu, basi.

Nikajaza jagi maji ya moto na ya baridi hadi ile ya jikoni ikasoma 38.0. Nikatumbukiza ya homa pembeni yake, ncha kwa ncha. Ikalia. 39.2.

Nikaitoa, nikaizima, nikaiwasha tena, maana hizi za homa hushika joto la juu kabisa zilikopita na haziteremki zenyewe. 39.2. Nikabadilisha maji, nikafanya kwenye 37, kwenye 39. Tofauti ileile, nyuzi moja na nukta mbili. Themomita yangu ilikuwa mwongo mwaminifu.

Kwa hiyo ile 39 niliyoanzia ilikuwa 40.2. Ile 38.1 niliyojipongezea ilikuwa 39.3. Dawa ya kwanza ilifanya kazi yote ikiwa nyuzi moja na nusu hivi juu ya 38, mahali ambapo kiwanda kinaruhusu nukta tatu.

Basi kwa nini Julai zilitoka vizuri?

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na nyama. Themomita ni ileile. Kama inadanganya Februari, ilidanganya Julai pia.

Daftari lilikuwa na jibu, sema sikuwahi kulisoma kama jibu. Julai nilisafisha alfajiri, kusi ikivuma, sakafu ya bafu baridi hadi nikavaa kandambili. Niliandika: mwanzo 39, mwisho 35.5. Ukiongeza ule uongo wa themomita, dawa ilianza 40.2 na kumalizia 36.7. Tangi, rili na filamu vilikuwa na ubaridi wa alfajiri, vikanyonya joto mara tu dawa ilipoingia, kisha sakafu ikamalizia. Kwa kuwa joto liliporomoka mwanzoni kabisa, wastani wake ukawa chini kidogo ya 38. Na kweli roli ya kwanza ya Julai ilitoka na giza kidogo. Nikakumbuka nilivyolitibu: niliongeza sekunde 30 kwenye muda wa karatasi, uliokuwa dakika 6 na sekunde 15. Roli ya pili ikatoka safi kabisa. Nikachukua kalamu, nikafuta 6:15, nikaandika 6:45, nikabandika karatasi ndani ya mlango wa kabati. Ikawa sheria.

Sheria hiyo ilikuwa ya Julai. Themomita ilinipandisha, ubaridi ukanishusha, sekunde 30 zikaziba pengo lililobaki. Makosa yaliyovutana pande mbili na kutoka sare, na mimi nikaita sare hiyo ujuzi.

Februari ubaridi haukuwepo. Nilisafisha saa nane mchana, dirisha limefungwa, bafuni nyuzi 32 au zaidi, maji ya bomba yanatoka kwenye tangi la juu ya paa yakiwa ya vuguvugu bila kupashwa. Tangi la filamu lilikuwa na joto tayari. Dawa ilipoingia haikukuta wa kumnyang'anya joto. Ushauri ule wa kuanzia juu ya 38 uliandikwa na mtu anayefanya kazi kwenye chumba cha nyuzi 20, ambako dawa inapoa kama chai nje ya kibaraza. Nilimfuata neno kwa neno katikati ya kaskazi. Juu yake nikaongeza sekunde 30 zilizokusudiwa kufidia ubaridi. Kila kitu kilivuta upande mmoja.

Ni kiasi gani kwa jumla? Anayetaka kwa makusudi kusukuma filamu ya slaidi stopu moja, yaani kuisafisha kana kwamba ilipata mwanga maradufu, huongeza muda wa dawa ya kwanza kwa kama theluthi. Mimi niliongeza muda kidogo na joto jingi kidogo. Kwa bahati nilikuwa nimepiga mnara wa Azania Front mara tatu, kwa kipimo cha mita, kwa stopu moja zaidi na kwa stopu moja pungufu. Ile ya mita imepauka, ya zaidi haifai kitu, na ile pungufu, ambayo ilipaswa kuwa na giza la kusikitisha, paa lake la vigae vyekundu limekaa vizuri karibu kabisa. Karibu stopu moja, basi, niliisukuma filamu bila kujua.

Kulirudia kosa

Maelezo mazuri ni kitu kimoja, na mimi nilikuwa nimeshatoa maelezo mazuri juu ya uwanja wa ndege. Jumamosi nikachukua ile roli ya tano kwenye friji. Ndani ya begi la giza nilikata mkia wa kama sentimita 25, nikautupa ule mwanzo uliokwishaona mwanga, na uliobaki nikaugawa vipande viwili. Nilijua napoteza fremu tano au sita. Nilikuwa na dawa ya kwanza mililita 400 ya mchanganyiko uleule wa Februari ambayo haikutumika, imejaa kwenye chupa yake hadi shingoni.

Kipande cha kwanza nilikisafisha kwa joto la kweli. Tatizo la kulishika joto lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani, na lilitatuliwa na deli, lile la wauza maji barabarani. Kila mtu analijua kama la barafu, lakini kinachozuia joto kuingia kinalizuia pia kutoka. Nilijaza maji ya 38 ya kweli, nikasimamisha ndani chupa zote na tangi lenyewe, nikafunika. Nusu saa baadaye maji yalikuwa yameshuka nukta mbili tu. Hakuna tena kuanzia juu. Dawa inaingia 38, inakaa 38, dakika 6 na sekunde 15, na sekunde 10 za mwisho ndizo za kumwagia.

Kipande cha pili nilikisafisha kwa dhambi zangu zote: themomita ya jikoni ikisoma 39, tangi nje ya deli, dakika 6 na sekunde 45, mchana, dirisha limefungwa.

Vipande havikuwa na picha. Nilitaka weusi tu. Vilipokauka nilivipeleka dirishani. Kupitia cha kwanza sikuona kitu. Kupitia cha pili niliona nondo tatu.

Filamu moja, pakiti moja, ndege moja, chupa moja ya dawa. Nilimpigia simu yule rafiki aliyeniletea filamu, nikamwomba radhi kwa niliyokuwa nikisema juu ya begi lake. Hakuwa anajua kwamba nilikuwa nasema.

Baada ya hapo

Themomita ya jikoni bado naitumia. Nimeizungushia plasta shingoni, nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: JUMLISHA 1.2. Ya homa nimenunua yangu; ya shemeji nilirudisha siku ileile, nimeiosha mara mbili mbele yake. Nayo haiingii kwenye dawa, inapima maji ya deli tu. Karatasi ya kabatini nimeirudisha kwenye 6:15, lakini 6:45 sikuifuta. Nimeipigia mstari mmoja ili isomeke chini yake.

Roli ya tano niliipiga wiki iliyofuata, fremu 30 zilizobaki, nikarudi kwenye sanamu, kwenye mnara, Feri saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakati pweza wanashushwa. Nikaisafisha ndani ya deli. Ina alama za matone ya maji hapa na pale, kwa sababu suuzo la mwisho nililichanganya na maji ya kisima ya jirani, yenye chumvi, bomba likiwa limekauka siku hiyo. Sasa nanunua maji ya chupa kwa suuzo hilo. Weusi lakini ni mweusi tii.

Tulizitazama Upanga, trei ileile. Askari wa mzee, kisha Askari wangu. Mzee hakusema kitu kwa fremu nyingi. Alipofika kwenye mnara akaomba nirudi nyuma, ya kwake, kisha mbele, ya kwangu, kisha nyuma tena.

"Hapa ulisimama vibaya," alisema. "Mimi nilikuwa hatua mbili kushoto."

Kuhusu zile roli mbili zilizopauka, amezichukua yeye. Anasema zinamfaa mchana, mapazia yakiwa wazi. Mimi nimeagiza nyingine, na kati ya hizo moja nimeshaiandikia "Julai" kwenye kopo lake. Kusi ikiingia nataka kuisafisha alfajiri, kwenye sakafu ileile baridi, ndani ya deli, kwa 6:15, nione kama nondo zitajificha.